Nia Ipo, Ruhusa Haijatoka

Wazee wetu, shikamooni. Mabibi na mabwana, na ninyi mliokuja mmeshikana mikono na wagonjwa wenu, hamjambo. Kabla sijasema lolote naomba wote tusimame. Mara moja tu.

Ahsanteni. Tukae.

Naona kule mstari wa tatu mzee wetu ndiyo kwanza anainuka, na sisi tumeshakaa. Mzee, usirudi chini kwa ajili yetu. Maliza kusimama, tunakungoja. Haya, umefika. Ahsante sana, sasa kaa taratibu. Na wewe kijana uliye kando yake, nimekuona ulivyopeleka mkono kwapani kwake ili umwinue. Ni mkono wa huruma, lakini uzuie kidogo. Tutaurudia mkono huo kabla hatujatoka humu.

Nawauliza mliosimama haraka. Nani kati yenu alipanga kwamba nitarudisha nyayo nyuma, nitainamisha kifua, nitakaza mapaja, kisha nitanyanyuka? Hakuna. Mlisikia neno, mkajikuta mko wima. Kati ya neno langu na kusimama kwenu kuna kazi kubwa iliyofanyika bila ninyi kushirikishwa. Leo nazungumzia kazi hiyo, na namzungumzia mzee wetu, ambaye neno alilisikia kama ninyi, akalikubali kama ninyi, na mwili ukachelewa kulipokea.

Kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Dawa siandiki mimi, na kichwa cha mtu sikipasui. Ninachofanya ni kushika mikono na miguu ya watu wenye ugonjwa wa Parkinson, na kwa miaka yote hiyo lalamiko ninalolisikia zaidi kwa familia si la kutetemeka. Ni "amekuwa mvivu". Au lile lenye uchungu zaidi: "ananifanyia makusudi, mimi nikimwita hainuki, mjukuu akirusha mpira anaudaka". Nimewahi kusikia mke akiyasema hayo mbele ya mumewe, na mume akashindwa kujitetea kwa sababu hata sauti yake ilikuwa imeshazama. Ningependa leo yule mume apate wakili.

Tuanze kwa kuiondolea misuli lawama. Mwombe mgonjwa akubane mkono kwa nguvu zake zote, utaona anavyobana. Misuli ipo, na neva zinazoshuka kutoka uti wa mgongo ni nzima. Daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu, James Parkinson, aliuita mwaka 1817 kwa jina lenye maana ya kupooza kwa kutetemeka. Kijitabu chake kilihusu watu 6 tu, na baadhi yao aliwaona barabarani wakipita. Jicho lake lilikuwa kali, ila jina alilochagua lilikosea mara mbili. Kupooza hakupo, na wako wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Jean-Martin Charcot, kule Paris, aliliona kosa hilo baadaye katika karne hiyohiyo, akashauri ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson. Lakini kosa la mwanzo lina maisha marefu. Hadi leo mtu asiyetetemeka hukaa miaka akitibiwa bega, mgongo au huzuni, kwa sababu hakuna aliyemfikiria.

Basi kama misuli haina kosa, tupande juu.

Gamba la ubongo, lile tabaka la juu lenye mikunjo, ndiko nia inakotungwa. Nataka kusimama, nataka kunywa, nataka kumsalimia fulani. Nia hiyo haishuki moja kwa moja hadi mguuni kama maji ya bomba. Kwanza huzungushwa ndani, kwenye kundi la viini, yaani mafungu ya seli, vilivyojificha chini ya gamba, ambavyo wataalamu huviita ganglia basali. Huko hupimwa, kisha jibu hurudi juu kupitia kituo kiitwacho thalamasi. Jibu hilo huchangia kuamua mwendo upi utoke, utoke kwa nguvu gani, na mwendo gani mwingine unyamaze ili huu upite.

Kinachonishangaza kila ninapokitafakari ni kwamba mzunguko huu ni kama mlango, na hali yake ya kawaida ni kufungwa. Mwishoni mwa ganglia basali kuna kiini kiitwacho palidasi ya ndani, na kazi yake ni kukataza. Seli zake hupiga ishara makumi ya mara kila sekunde, hata ukiwa umekaa umetulia, na kila ishara inaiambia thalamasi: nyamaza. Nitakiita bawabu. Kwa maana hiyo tunaishi tukiwa tumezuiwa, na kusogea ni zuio kulegezwa kwa kitambo kifupi, sehemu moja, kwa mwendo mmoja. Ndiyo sababu hatupigi teke kila wazo la teke linapopita kichwani. Nadhani majirani zetu wana kila sababu ya kumshukuru bawabu huyu.

Bawabu naye ana wanaomnong'oneza. Hao hukaa kwenye kiini kikubwa zaidi kiitwacho striatamu, ambacho hupokea habari karibu kutoka kila pembe ya gamba la ubongo. Ndani yake mna makundi mawili ya seli, yamechanganyika kama shanga za rangi mbili kwenye chungu kimoja. Kundi la kwanza lina nyuzi zinazomfikia bawabu moja kwa moja na kumtuliza. Hiyo ni njia ya ruhusa. Kundi la pili huzunguka kwa mlango wa nyuma, hupitia kiini kidogo kilicho chini ya thalamasi, na mwisho wa safari humchochea bawabu akaze zaidi. Hiyo ni njia ya zuio. Zote mbili tunazihitaji. Ukinyoosha mkono kushika kikombe, lazima mwendo mmoja uruhusiwe na mingine mingi izuiwe kwa wakati uleule.

Hapa ndipo inapoingia kemikali iitwayo dopamini. Hutengenezwa na seli zilizoko kwenye shina la ubongo, mahali ambapo, shina hilo likikatwa, utapaona peusi kwa jicho tupu, kwa hiyo pakaitwa kwa Kilatini substansia nigra, yaani kitu cheusi. Seli hizo hutuma nyuzi zake kwenye striatamu na kumwaga dopamini juu ya makundi yote mawili. Ajabu ni kwamba kemikali ni moja lakini haifanyi jambo moja. Kundi la ruhusa lina vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea kemikali, vya aina ya D1, na dopamini hulitia ari. Kundi la zuio lina vipokezi vya D2, na dopamini hulituliza. Kwa mkono mmoja inamsukuma mwenye ruhusa asogee mbele, kwa mkono mwingine inamketisha mwenye zuio.

Sasa ondoeni dopamini. Ruhusa inakosa wa kuisukuma, zuio linakosa wa kuliketisha, na hasara zote mbili zinakutana kwa bawabu yuleyule. Anakaza. Thalamasi inanyamaza, gamba la ubongo linangoja jibu ambalo ama halirudi, ama linarudi limepungua. Mgonjwa ameshaamua kusimama, na hata ukimuuliza atakuambia ameshaamua. Anangoja mwili wake kama mtu anayengoja mwingine.

Mwandiko unaonyesha hali hii vizuri kuliko mguu. Mpe mgonjwa kalamu aandike mstari mmoja. Herufi ya kwanza ni ya kawaida, ya tano imepungua, ya kumi inahitaji miwani. Mwambie aandike kubwa, ataandika kubwa, kwa hiyo uwezo wa kuandika kubwa anao. Ila ukimwacha ataanza tena kupungua, na mwenyewe haoni kuwa anapungua. Sauti ni hivyohivyo. Anaamini anazungumza kwa sauti ya kawaida, na wewe unasikia mnong'ono. Uso nao hupoteza mabadiliko yake madogo, watu wakadhani amenuna. Mkono mmoja huacha kuyumba wakati wa kutembea, kwa kawaida upande mmoja kabla ya mwingine, maana ugonjwa hauanzi sawa pande zote za ubongo. Dopamini, pamoja na mengine, ndiyo inayokadiria mwendo huu unastahili nguvu kiasi gani. Ikipungua, ubongo unakuwa bahili, na mgonjwa hajui kuwa anabaniwa.

Kwa nini seli hizi na si nyingine? Jibu kamili bado linatafutwa, lakini tukiziangalia zilivyo tunaweza kuzionea huruma. Katika ubongo wenye seli za neva zinazokadiriwa kufika bilioni 86, hizi ni laki kadhaa tu. Na kila moja ina matawi ya kutisha. Makadirio yanasema nyuzi za seli moja ya binadamu zikinyooshwa zinafika mita kadhaa, na zinagusa sehemu zaidi ya milioni. Juu ya hayo, seli hizi hupiga mapigo yake zenyewe mfululizo bila kungoja kuamshwa. Kulisha mti wa namna hiyo kunahitaji nishati nyingi, na kiwanda chochote kinachofanya kazi bila kupumzika hujaza masizi. Ndani ya seli zinazokufa huonekana vijidonge ambavyo Fritz Heinrich Lewy alivieleza mwaka 1912, na mwaka 1997 ikajulikana kwamba vimejaa protini iitwayo alfa-sinukleini iliyojikunja vibaya. Konstantin Tretiakoff alikuwa ameshaonyesha, mwaka 1919, kwamba lile eneo jeusi hupauka kwa wagonjwa hawa. Wino unakwisha, kwa kusema hivyo, na unakwisha kimyakimya. Dalili za mwendo zinapojitokeza, kiasi cha nusu ya seli hizo kimeshapotea, na dopamini ndani ya striatamu imepungua kuliko hapo. Wengi wakiulizwa vizuri hukumbuka kwamba miaka kabla ya hapo pua iliacha kunusa, choo kikawa kigumu, au usiku walikuwa wakipiga ngumi ndotoni. Mambo hayo yana mizunguko yake mingine, sitayaingia leo.

Tumejuaje haya yote? Mnisamehe nikikaa kidogo hapa, maana napenda hadithi hizi kuliko dawa zenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Arvid Carlsson wa Sweden alichukua sungura akawapa dawa inayomaliza dopamini mwilini. Sungura wakalala wamenyong'onyea, masikio chini, hawashtuki. Akawapa levodopa, ambayo ni malighafi ya dopamini, na baada ya muda mfupi wakaamka na kutembea. Mwaka 1960, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz, kule Vienna, wakapima ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa wa Parkinson wakakuta dopamini ya striatamu imepungua vibaya. Mwaka uliofuata Hornykiewicz na mwenzake Walther Birkmayer wakawadunga wagonjwa levodopa. Watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani wakainuka. Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Hadithi ya pili ni ya huzuni. Mwaka 1982, huko California, vijana kadhaa walijidunga heroini ya bandia iliyopikwa vibaya, na ndani ya siku chache wakaganda kama sanamu. Madaktari walidhani ni ugonjwa wa akili. Kijana mmoja hakuweza kusema, ila vidole vyake vilikuwa vikijongea kidogo, akapewa penseli. Kwa taabu kubwa aliandika kwamba anajua anachotaka kufanya, lakini hakitoki. Ndugu zangu, vitabu vinene vya tiba nimevisoma, na sijakuta maelezo ya ugonjwa huu yanayoshinda sentensi ya kijana yule. William Langston na wenzake walifuatilia wakagundua sumu iliyokuwamo, MPTP, ambayo huua hasa zile seli nyeusi.

Kutokana na bahati mbaya hiyo watafiti wakapata njia ya kuusoma mzunguko kwa nyani. Mwaka 1990, Hagai Bergman, Thomas Wichmann na Mahlon DeLong walichukua nyani walioganda kwa MPTP wakaharibu kile kiini kidogo kilicho chini ya thalamasi, kile cha mlango wa nyuma. Wakaharibu, nasema, hawakuongeza kitu. Nyani wakaanza kusogea. Kama kukosekana kwa mwendo kungekuwa ni upungufu tu, basi kuharibu sehemu nyingine ya ubongo kungezidisha hasara. Lakini tatizo lilikuwa pia zuio lililopita kiasi, na walipomwondoa mchochezi, bawabu akalegea. Kule Grenoble, Ufaransa, Alim-Louis Benabid alikuwa ameshaonyesha tangu 1987 kwamba umeme wa kasi kwenye thalamasi hutuliza mtetemeko bila kuchoma kitu. Mwaka 1993 timu yake ikapeleka waya kwenye kiini kilekile cha nyani wa DeLong, safari hii kwa binadamu. Mapigo ni kama 130 kwa sekunde, na mashine hukaa chini ya ngozi ya kifua.

Nimewapa bawabu kwa sababu anabebeka, na ukifika nyumbani unaweza kumsimulia mwenzako. Ila sitaki mwende naye mkidhani ndiye mwisho wa habari. Wapasuaji wamewahi kukichoma kiini cha bawabu mwenyewe. Kwa hesabu yangu ya mlango, mgonjwa angetoka hapo akirusha mikono ovyo, maana hana wa kumzuia. Kinachotokea ni kinyume chake, maana hata ile michezo ya mwili isiyotakiwa ambayo huletwa na dawa hupungua. Na walipochunguza panya wazima, walikuta kundi la ruhusa na kundi la zuio yote huwaka pamoja mwendo unapoanza. Kwa hiyo habari si ya mlango kufungwa na kufunguliwa peke yake.

Tufanye jaribio. Upande wa kulia, zungumzeni na jirani yenu, jambo lolote. Upande wa kushoto, pigeni makofi, wote kwa pamoja, pigo moja. Endeleeni... Haya, basi. Nyie wa kushoto, wakati wa makofi nani aliweza kuongea na jirani yake? Hakuna. Kulikuwa na kelele nyingi kulia, lakini habari zilipita. Kushoto mlipatana sana, habari zikakwama.

Waya zile zilizowekwa ndani ya ubongo wa wagonjwa hazipeleki umeme tu, zinaweza pia kusikiliza. Na kinachosikika, kwa mgonjwa asiye na dawa, ni makofi. Seli za kiini cha chini ya thalamasi na wenzake huingia kwenye pigo moja, kati ya mara 13 na 30 kwa sekunde. Pigo hilo lipo kwa watu wote, na kwa kawaida hupungua mtu anapojiandaa kusogea. Kwa mgonjwa linang'ang'ania. Levodopa ikifanya kazi linapungua, umeme ukiwashwa linapungua, na kupungua kwake huendana na mwili kuwa mwepesi. Mimi naona picha hii ya makofi iko karibu zaidi na ukweli kuliko bawabu wangu, ingawa bawabu ni rahisi kumpenda.

Mtetemeko wenyewe nitaugusa kwa ufupi, kwa sababu ni mgeni asiyefuata ratiba ya nyumba. Hupiga mara 4 hadi 6 kwa sekunde, huja mkono ukiwa umepumzika, na hupoa mkono ukishika kazi. Unahusisha mzunguko mwingine pia, ule wa ubongo mdogo ulioko kisogoni. Mara nyingi huwa hausikii dopamini kama wepesi wa mwili unavyosikia. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza dawa akatembea vizuri na mkono bado unacheza, na familia ikasema dawa haifanyi kazi. Inafanya. Mtazameni anavyofunga vifungo vya shati, msiutazame mkono peke yake.

Sasa nirudi kwa yule mke na mjukuu mwenye mpira.

Striatamu haipungukiwi dopamini sawasawa kote. Sehemu ya nyuma ya putameni, ambayo ni kipande chake, ndiyo hupoteza dopamini mapema na kwa wingi. Na sehemu hiyo ndiyo inayohusika na mambo tuliyokwisha kuyazoea: kutembea, kugeuka kitandani, kufunga kifungo, kumeza mate. Mambo ambayo mwili ulikuwa unayafanya kwa mazoea, bila kukuuliza. Sehemu ya mbele, inayoshughulika na mambo ya kukusudia, huchelewa kuathirika. Kwa hiyo mgonjwa huyu anaishi kwa kukusudia kila kitu. Hatua ya kushoto anaikusudia, hatua ya kulia anaikusudia. Jaribuni kuishi hivyo saa moja tu. Halafu mtu anakuja ubavuni anamuuliza habari za kodi ya nyumba. Akili iliyokuwa inabeba miguu inakwenda kubeba kodi, miguu inasimama. Mtu anayesimama kila akisemeshwa njiani hajakosa adabu, na wala hakudharau.

Na mpira? Mpira unakuja na amri yake kutoka nje. Macho yanauona, habari inapita kwenye maeneo ya nyuma na ya pembeni ya gamba la ubongo, ikisaidiwa na ubongo mdogo, njia ambayo haitegemei sana ganglia basali. Mwendo tunaouanzisha wenyewe, kutoka ndani, ndio unaopita kwa bawabu. Mjukuu amempigia babu yake simu kwa namba nyingine. Na pengine, kwa kuwa ni mjukuu, hamu yenyewe inaongeza nguvu kidogo ambayo ubongo bahili ulikuwa umeibana. Mama yetu alipomwita mumewe kutoka chumba cha pili, alimwachia babu kazi yote ya kuanza kutoka ndani. Hakukuwa na makusudi hapo.

Madaktari wa Uholanzi walichapisha mwaka 2010 habari na video ya mwanamume wa miaka 58 ambaye baada ya hatua chache tu alikuwa anaganda na kukaribia kuanguka. Wakampa baiskeli. Alipanda akaenda, akakata kona, akarudi, kama mtu mwingine kabisa. Aliposhuka, miguu ikaganda tena. Sisi wa mazoezi tunaishi kwa nyufa za namna hiyo. Tunachora mistari sakafuni ili mtu airuke mmoja mmoja. Tunapiga mdundo, au tunamhesabia, ili sauti iwe badala ya amri iliyokwama. Tunamfundisha kurusha hatua kubwa kupita anavyodhani inafaa, na kupaza sauti hadi ahisi anapiga kelele, maana kipimo chake cha ndani kimeharibika na kile anachokiona kikubwa mno ndicho cha kawaida. Mistari hairudishi seli zilizokufa. Hufungua njia ya pembeni, na kwa siku nyingi njia ya pembeni inatosha kukufikisha chooni kwa wakati.

Kuhusu dawa nitasema mawili, mengine mwulizeni daktari wenu. Dopamini yenyewe haivuki kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo hutolewa levodopa, pamoja na dawa ya pili inayoizuia isigeuzwe njiani. Miaka ya mwanzo, seli zilizobaki huiweka akiba na kuitoa kidogokidogo. Seli zikiendelea kupungua akiba inakosa ghala, na mwili unafuata kiasi kilichopo kwenye damu, ambacho hushuka nusu ndani ya saa moja na nusu hivi. Ndiyo maana mgonjwa wa miaka kumi anaweza kutembea saa nne na kuganda saa sita. Saa ya dawa kwake ni saa kweli, na dakika thelathini za kumchelewesha si jambo dogo. La pili ni kwamba ziko dawa za kuzuia kutapika, kama metoklopramidi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama haloperidoli, ambazo huziba vipokezi vya D2. Mgonjwa akilazwa kwa jambo jingine kabisa, mwambieni kila anayemhudumia kwamba ana Parkinson, hata kama mnahisi mnajirudia.

Muda wangu umekwisha, na tunatoka kwenda mapumzikoni. Mlango ni mmoja, tena mwembamba, na mlango mwembamba ndipo miguu ya wengi inapoganda. Kwa sababu hiyo asubuhi tulibandika utepe mweupe sakafuni, mistari minane hadi nje. Waliokuja na wagonjwa, tafadhali msiwavute. Ukimvuta mtu aliyeganda, kifua kinakwenda na nyayo zinabaki, na hapo anaanguka. Kijana wangu wa mstari wa tatu, mkono wako wa huruma sasa una kazi. Simama pembeni ya mzee, si mbele yake. Akiganda, usimsemeshe. Mwache asimame kwanza, ahamishie uzito mguu mmoja, kisha mwonyeshe mstari na uhesabu: moja, mbili. Sisi wengine tutabaki tumekaa hadi wao wamalize kutoka. Mzee, ukiwa tayari.